Shangazi, nimeshindwa na nailoni

Shikamoo Shangazi,

Sikuandikii habari za mume mwenye mchepuko wala wifi anayenisema. Barua hizo najua unazo gunia zima. Mimi nimeshindwa na nailoni. Cheka kwanza, ukimaliza nisaidie.

Nakaa Tabata Segerea na mume wangu na watoto wetu wawili. Masika iliyopita mtaro unaopita mbele ya nyumba uliziba, maji yakarudi nyuma yakaingia mpaka sebuleni. Asubuhi vijana wa mtaa wakaja na makoleo, wakawa wanachota uchafu na kuurundika kando ya barabara. Nilikuwa nimesimama pale, kanga imelowa mpaka magotini, natoa maelekezo kama bosi, ndipo nikaliona kava la daftari, yale ya nailoni. Limekunjamana lakini halijachanika. Juu yake jina la binti yangu, Darasa la Pili B, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Binti sasa hivi yuko darasa la nne. Kijana mmoja akaliokota, akalisoma kwa sauti, akanipa: "Mama, hili la kwako."

Siku hiyo nikala kiapo. Plastiki kwangu haiingii tena.

Nikaanzia dukani kwa Mangi. Nikabeba kopo la bati lenye mfuniko, nikaomba sukari nusu kilo. Mangi akachukua nailoni ya nusu aliyoifunga tangu usiku, akaipasua kwa meno, akamimina sukari kwenye kopo langu, nailoni akaitupa chini. Akanitazama kwa furaha kama mtu aliyemvusha mzee barabara. Nilipomwambia kwamba hiyo ndiyo nailoni niliyokuwa naikimbia, akashangaa: "Sasa si hujaichukua wewe?"

Nikaona labda wenye hela wanajua zaidi. Nikaenda duka moja huko Masaki, nikanunua mswaki wa mianzi kwa Sh 12,000. Kufika nyumbani nafungua: boksi, ndani ya boksi nailoni, ndani ya nailoni mswaki. Na brashi yenyewe, nikisoma maandishi madogo, ni nailoni.

Samaki ndio walionimaliza. Jumamosi nilikwenda Feri, nikachukua vibua na kipande cha jodari. Muuzaji akachomoa mfuko mweusi, nikakataa. Nikamwambia afunge kwa gazeti, nikatia kwenye kikapu changu cha ukili, kipya, kizuri, nilikinunua Kariakoo. Daladala ilijaa, nikasimama, kikapu kikawa kinaning'inia juu ya magoti ya kaka mmoja mwenye suti ya kijivu, bila shaka anakwenda harusini. Tulipokaribia Buguruni gazeti lilikuwa limeshakuwa uji. Tone la kwanza sikuliona. Kaka aliliona. La pili tuliliona gari zima. Konda akapiga ubavu wa gari: "Mama wa samaki, shuka na bahari yako!" Nikashuka, nikachukua bajaji, na ile nauli ya bajaji ingeninunulia kibua wa tatu.

Kuna jambo la mama mkwe pia. Katika hasira za kiapo nilitoa vyombo vyote vya plastiki ndani: mabeseni, makopo ya unga, majagi, hotpoti. Nikawapa watu wa gari la taka, nikanunua mitungi kumi na miwili ya kioo (imebaki tisa). Katika vile vyombo lilikuwamo beseni jekundu alilonipa mama mkwe nilipotoka arobaini ya mtoto wa kwanza. Mama mkwe akaja kutoka Korogwe. Akauliza mara moja tu: "Lile beseni jekundu liko wapi, mwanangu?" Nikasema lilipasuka. Mume wangu alikuwa pale, anasikia.

Zile nailoni ambazo zinaingia tu, kwa mkate, kwa vitunguu, kwa kila kitu, nazikusanya kwenye ndoo jikoni na jioni dada wa kazi anawashia jiko la mkaa, angalau zisirudi mtaroni. Chini ya sinki nina mifuko mbadala thelathini na saba, nimeihesabu. Na shule imeleta orodha: madaftari tisa, kila moja lifunikwe kwa kava la nailoni, kila somo na rangi yake.

Mume wangu anasema nimeigeuza nyumba kuwa ofisi ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Watoto wakila pipi wanaficha karatasi. Miezi mitatu ya taabu yote hii na bado ndoo ya taka inajaa. Niendelee au niache?

Mwenye Kikapu, Tabata Segerea

N.B. Kikapu bado kinanuka.

*

Marahaba mwanangu.

Nimecheka kama ulivyoniruhusu. Niliposoma mara ya pili nikaacha kucheka, kwa sababu ya mstari mmoja ulioupitisha mbio mbio kati ya beseni la mama mkwe na orodha ya shule. Naanza na huo. Mengine yatangoja.

Nailoni ya kuwashia jiko iishe leo, si kesho. Najua inashika moto upesi kuliko kijiti. Mimi mwenyewe nimewasha hivyo miaka mingi, na ukipita uchochoroni jioni utaona wengi bado wanawasha hivyo. Lakini moto wa jiko la mkaa ni mdogo, plastiki haiungui ikaisha. Inayeyuka, inafuka, inatoa masizi na hewa chafu ambayo dada ameiinamia akipuliza. Na ndoo yako haichagui: leo mfuko wa mkate, kesho kipande cha waya au cha bomba, ambazo nyingi ni za plastiki aina ya PVC, na PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi na sumu aina ya dioksini. Hapo hapo unabandika sufuria ya mtoto. Umeutoa uchafu mtaroni ukautia kifuani kwa binti wa watu uliyemleta mjini kwa ahadi nzuri.

Washa kwa kifuu. Anayekuna nazi nyumbani hakosi kifuu, na kikikauka kinashika moto bila kubembelezwa. Makumbi yanafaa, maganda ya machungwa yaliyokauka yanafaa tena yananukia, na lile gazeti lililokusaliti ndani ya daladala hapa litakuwa na kazi. Siku ya kwanza usimwagize dada, kaa naye uwashe wewe, aone kwamba si adhabu uliyomtungia.

Utaniuliza, sasa zile nailoni niziweke wapi? Zishindilie kwenye mfuko mmoja, ufunge vizuri, uwape watu wa gari la taka. Sikupambi: zitaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Dampo si pazuri, ila ni bora kuliko mtaro wako na ni bora mara mia kuliko mapafu. Chupa za maji na soda ziweke kando usizichanganye na maganda ya ndizi. Wale vijana wanaopita na viroba mgongoni wanazitafuta kwa sababu zinanunuliwa kwa kilo, na dumu gumu pia lina mnunuzi. Nailoni laini hawaitaki, haina uzito na imelowa mafuta. Watafiti huko Marekani walikadiria mwaka 2017 kwamba katika taka zote za plastiki zilizokwishapatikana duniani hadi 2015, zilizorejelezwa zilikuwa asilimia 9 tu. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumia tu, itarejelezwa", mwitikie kwa adabu na uendelee na safari yako.

Sasa Mangi. Hapa ndipo nilipokuelewa, kwa sababu kosa lako kwa Mangi ndilo kosa lako kila mahali: umefika umechelewa. Saa mbili asubuhi, wewe na kopo lako, ile nailoni ilikwishatumika tangu jana usiku. Mangi hufunga sukari wakati wateja wamepungua, redio inaongea, mizani mbele yake: robo, robo, nusu, robo. Anafunga kwa sababu asubuhi watu kumi wanasimama dirishani kwa pamoja, kila mmoja na mia tano yake, na anayechelewa kuhudumia anapoteza wateja kwa jirani. Hakufanyi mjinga. Kukumiminia kwenye kopo aliona ndiyo heshima yenyewe.

Basi usiende naye asubuhi. Nenda usiku, kabla hajafunga, umwambie, "Mangi, kesho yangu usiifunge, nichotee kwenye gunia." Afadhali zaidi, kama mshahara unaruhusu, nunua kilo tano kwa mpigo mwanzo wa mwezi. Mpe kopo alipime likiwa tupu kwanza, msije mkaanza ugomvi wa gramu. Najua gunia lenyewe siku hizi ni plastiki iliyofumwa. Lakini piga hesabu wewe mhenga wa mitungi: gunia la kilo 50 ni moja, nusu kilo zinazotoka humo ni nailoni mia, na robo ni mia mbili. Mchele, maharage na unga, mwendo ni huo huo. Mafuta ya kupima nayo unakwenda na chupa yako. Hilo hata Mangi halimshangazi, maana ndivyo tulivyolelewa sote, mtoto anatumwa na chupa na anaambiwa asiivunje.

Unajua kwa nini nailoni hizi zimebaki? Tarehe 1 Juni 2019, rambo, ile mifuko ya plastiki yenye mikono, zilipopigwa marufuku Tanzania Bara, kilicholengwa kilikuwa mifuko ya kubebea. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wameanza tangu 2006, na Kenya walifuata 28 Agosti 2017 kwa faini za mamilioni. Kwetu mtu akikutwa amebeba rambo faini inaanzia Sh 30,000. Ila vifungashio vya bidhaa viliachwa, na huwezi kumlaumu aliyeandika, maana dawa, vyakula vya viwandani, mbegu na vifaa vya ujenzi vingefungwa na nini? Katika mlango huo ndipo nailoni nyepesi zisizo na mikono zilipopenya. Zinaitwa vifungashio, lakini ukienda gengeni zinabeba nyanya, zinabeba mihogo ya kukaanga, zinabeba hata supu. Kwa hiyo unapogombana na muuza genge unagombana na mtu wa mwisho kabisa kwenye mnyororo mrefu, ambaye faida yake kwa fungu la nyanya haifiki bei ya dagaa watatu.

Mifuko mbadala thelathini na saba. Mwanangu! Ile nayo ni plastiki. Ukiishika inafanana na kitambaa, lakini imetengenezwa kwa polipropilini, ndugu wa hotpoti ulilolitupa. Ubora wake ni kwamba inarudiwa, na ubora huo unautumia ukiibeba tu. Uingereza, Shirika lao la Mazingira lilitoa hesabu mwaka 2011: mfuko wa aina hiyo unatakiwa utumike mara 11 ndipo mzigo wake kwa joto la dunia uwe sawa na wa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, na mfuko wa pamba mara 131. Mara mia moja thelathini na moja! Nikakumbuka mifuko ya pamba ninayopewa kwenye kila semina, imening'inia nyuma ya mlango kama popo. Basi iliyo chini ya sinki bado inakudai. Miwili iweke kwenye mkoba wa kazini, mmoja mpe dada wa kutumwa, mmoja akae na mume, tena huyo mchagulie usio na maua. Inayobaki mpelekee mama wa genge awafungie wengine. Na ukiisahau, rudi uichukue. Ukinunua wa thelathini na nane nitajua.

Tuje Feri. Gazeti na ukili havibebi maji, na samaki ni maji. Kikapu cha ukili kimeumbwa kwa nazi, viazi, mboga na mkate. Ungekwenda na ndoo yenye mfuniko, ile ya lita kumi iliyokuja na mafuta ya kupikia, suti ya yule kaka ingefika ukumbini salama. Unaingiza samaki, unaomba vipande vya barafu, unabana mfuniko, unaiweka kati ya miguu yako na konda hajui una nini. Najua utasema ndoo ni plastiki. Ni plastiki, ndiyo. Tatizo la mtaro wako halikuletwa na ndoo. Lililetwa na vitu vinavyoshikwa dakika kumi kisha vinaachiwa upepo. Ndoo utakaa nayo miaka kumi, siku ikipasuka itapandwa mchicha.

Ndiyo maana vile vyombo ulivyowapa watu wa taka viliniuma. Hukuondoa plastiki duniani, umeihamishia Pugu, kisha ukanunua mitungi ambayo tayari mitatu imevunjika. Iliyobaki itumie, kioo ni chombo kizuri, ila usinunue tena kitu kwa ajili ya kuacha kununua. Huo mswaki wa Masaki nao ni wa kundi hilo. Kama unapenda mti, nje ya misikiti mingi mjini hapa wanauza mswaki wa mti wenyewe, haujafungwa na chochote, na hausomwi maandishi madogo. Kama hupendi, baki na mswaki wako wa kawaida. Mmoja kwa miezi mitatu hauzibi mtaro wa Segerea. Dodoki panda kwenye uzio, linaota kama halina kazi nyingine, na utaachana na zile nyavu za kuogea zinazotoka nyuzi.

Beseni jekundu linahitaji simu. Usimtume mume. Piga wewe: "Mama, shikamoo. Lile beseni halikupasuka, nililitoa mimi kwa ujinga, nikaona haya kukwambia." Wazee wa Korogwe wamesikia makubwa kuliko hilo. Kilichomuuma si plastiki, ni kuona zawadi ya arobaini imesingiziwa ufa. Ukimaliza kuomba radhi, muulize wao walikuwa wanabebea nini samaki na unga kabla ya nailoni. Hutapata nafasi ya kukata simu.

Kuna mahali pamoja nataka uwe mkali bila aibu, kwa sababu ulipokuwa unapigana kila upande hapo hukupataja: chakula cha moto. Chipsi zinazotoka kwenye karai zinamiminwa kwenye nailoni, chai inafungwa kwenye nailoni, uji, supu ya pweza. Joto na mafuta ndivyo vinavyochochea kemikali za plastiki zihamie kwenye chakula. Nenda na bakuli la bati au hotpoti la chuma kwa muuza chipsi, mkabidhi kabla hajainua kijiko, si baada. Siku ya kwanza atacheka. Ya tatu atakuwa anakuongezea kachumbari kwa sababu nafasi ipo.

Shule. Mwalimu hana makosa makubwa, daftari la mtoto wa Dar linapambana na mvua, uji na begi la mwenzake. Lakini mwanangu, hebu rudi kwenye rundo la kando ya mtaro. Lile kava lilikaa kwenye maji machafu miaka miwili na hukuona lilipochanika. Ungelifuta kwa sabuni lingefunika daftari la darasa la nne, kisha la tano, kisha la mdogo wake. Sifa mbaya ya plastiki ni kwamba haiishi, basi kwa makava itumie sifa hiyo hiyo. Desemba shule zikifungwa, kaa na watoto, vueni makava yote, yaosheni, yakauke, yapangeni kwa rangi ndani ya bahasha. Jina liandike kwenye kikaratasi cha ndani, usiandike juu ya kava kwa peni. Hutanunua makava tena mpaka mdogo amalize la saba. Na pipi, waachie watoto wale hadharani. Mtoto anayeficha karatasi ya pipi anaitupa mtaroni, kwa sababu hakuna pengine pa kuificha.

Kuhusu ofisi ya NEMC, mume wako amenichekesha lakini ana hoja. Wawakilishi wa nchi 175 walikutana Nairobi Machi 2022 wakaazimia kuandika mkataba wa dunia wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Agosti 2025 walikuwa Geneva, wamekesha, wakaachana bila kuafikiana. Wana wanasheria, wana wakalimani, wana posho. Wewe una kopo la bati na miezi mitatu. Ndoo ya taka kujaa si kwamba umefeli. Ile mizigo inayokuja imeshafungwa kiwandani, dawa za watoto, pempasi za usiku, pakiti ya maziwa, ipokee unyamaze. Mchana mtoto akiwa nyumbani winda za kitambaa zinatosha, usiku mwache alale nawe ulale.

Kwa hiyo uliuliza uendelee au uache. Acha kiapo, endelea na kopo. Chagua vitu vinne unavyonunua kila wiki, visizidi hapo: sukari kwa Mangi, samaki, chipsi, na mboga za genge. Hivyo vinne fika mapema, na chombo mkononi, kabla nailoni haijafunguliwa. Vingine vyote visikukoseshe usingizi mpaka mwakani.

Kikapu kikandike majivu ya jiko yaliyopoa, ndani yote, ukiache usiku kucha. Asubuhi kung'uta, kisugue kwa ndimu iliyokatwa na chumvi, kisuuze upesi bila kukiloweka, ukitundike kwenye upepo na kivuli. Jua kali linaukausha ukili mpaka unakatika. Kama harufu haijatoka baada ya mara mbili, kiwe cha vitunguu. Na ukiona mpini unaanza kufumuka usikitupe, mweleze mama mkwe kwenye ile simu ya beseni. Kama anajua kusuka, atakwambia aje lini.

Shangazi